Mama Friji na Slaidi ya Saumu

Maneno ya kwanza aliyoniambia yalikuwa namba. "Moja, mbili, tatu," alisema nyuma yangu kwa sauti ya mtu anayehesabu mikungu ya ndizi, "nne, tano, funga!" Nilikuwa nimefungua mlango wa friza kutafuta kitu ambacho mpaka leo sikikumbuki, na kwa hofu niliufunga kidole changu kikiwa bado ndani. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Alinifungia barafu kwenye kidole, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mlandizi. Akasema watu wa Mlandizi anawajua, ni watu wa kuacha milango wazi. Sijui habari hizo alizitoa wapi.

Sisi wote tulimwita Mama Friji. Yeye mwenyewe alikuwa akisahihisha kila mgeni, "Friji ni ya maziwa, hii ni friza," lakini jina lilikuwa limeshashika na hakulikataa. Kwenye karatasi alikuwa fundi sanifu mkuu wa maabara. Kazi yake hasa ilikuwa kusimama kati ya ile friza na watu wengine wote duniani. Umeme ukikatika aliifunika blanketi, akavuta kiti, akakaa kando yake na ufunguo wa jenereta mkononi, na hakuna aliyethubutu hata kupita karibu.

Maabara yetu ilikuwa Zegereni, Kibaha, nyuma ya viwanda. Ilichunguza pua ya binadamu: inasikiaje harufu, na kwa nini baadhi ya watu waliougua mafua makali ya miaka ile walipona kila kitu isipokuwa pua. Nani aliamua maabara ya pua ikae Zegereni sikuwahi kumjua. Asubuhi upepo ulituletea sabuni, mchana chakula cha kuku, na jioni kitu ambacho hatukuwahi kukubaliana ni nini. Daktari, mkuu wetu wa utafiti, alikuwa akisema mazingira hayo yanatukumbusha umuhimu wa kazi. Mama Friji alisema hayamsumbui. Alikuwa anasema kweli, kwa sababu hakuwa anasikia harufu yoyote.

Hili niliseme mapema, maana ndilo lenyewe. Mafua yale yalimlaza wiki mbili. Alipoinuka alitia udi kwenye chetezo kushukuru, akaona moshi tu. Akadhani udi mbovu. Akafungua chupa ya karafuu, akafungua mafuta ya taa, akaenda akasimama kwenye banda la mbuzi la jirani mpaka jirani akatoka kumuuliza kama kuna shida. Tangu siku hiyo alitaka kujua jambo moja tu: vile vipokezi vya harufu vilivyo huko juu ndani ya pua vimekufa, au vimelala. Dawa hakuwa anaitafuta, alishajua hakuna. Alitaka kujua. Na jibu, kama lilikuwepo, lilikuwa kwenye friza aliyokuwa akiilinda mwenyewe.

Rafu ya juu, kwenye boksi la karatasi ngumu, ndiko ilikokaa kingamwili. Kila kichupa kilikuwa na tone dogo kuliko chozi. Ilitengenezwa ng'ambo, kutokana na damu ya sungura aliyedungwa kipande cha kipokezi cha harufu cha binadamu mpaka mwili wake ukakijua na kukichukia. Ukiidondosha juu ya kipande chembamba cha nyama ya pua, inakitafuta kipokezi kile na kukiganda. Halafu unaweka kingamwili ya pili inayoikamata ile ya kwanza, unaweka rangi, na palipo na kipokezi panageuka kahawia. Ndiyo kazi yote, ingawa kuifanya huchukua siku mbili na kuiharibu huchukua sekunde. Kingamwili ikifika, Mama Friji aliigawa mara moja kwenye vichupa vidogo, maana ukiigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara inakufa, na kila kichupa alikiandika namba na idadi ya safari kilizotoka kwenye baridi. Sungura hatukuwahi kumwona. Yeye alimtaja kwa heshima, "yule mnyama," na kila Idd alimuuliza Daktari kama bado yuko hai. Daktari alikuwa amesoma nchi mbili, lakini swali hilo lilimshinda.

Wakati mmoja dereva wetu alitumwa kuleta mzigo wa kingamwili, na badala ya kurudi Zegereni akapitiliza nao hadi Kwala, ambako alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Alifikiri dakika ishirini tu. Mama Friji alipopata habari alipanda bodaboda akamfuata. Hakugomba. Aliingia katika nyumba ya watu, akasalimia wazee mmoja mmoja, akaketi mkekani, akala alichopewa, na walipomuuliza kama angependa maji ya kunywa, akasema barafu ingefaa zaidi, kama ipo, yote. Walimpa yote. Dereva alioa, na mpaka leo watu wa kule wanaamini yule mama alikuwa shangazi yake, tena shangazi mwenye joto la mwili la ajabu.

Mlinzi wetu wa geti naye alikuwa na kaka yake kule Mbwawa aliyepoteza harufu kwa mafua yaleyale. Siku moja alimfuata Mama Friji mlangoni mwa maabara, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Nisaidie tone moja tu la ile dawa ya friji. Nikamdondoshee bro puani, aamke."

"Marahaba. Ile si dawa."

"Sasa kama si dawa, mbona mnaifungia kuliko dawa?"

Mama Friji aliona swali lina haki ya kujibiwa. "Mjumbe wenu wa nyumba kumi unamjua?"

"Namjua, mama."

"Mgeni akifika anatafuta nyumba ya mtu, mjumbe anamfanyia nini?"

"Anampeleka."

"Anamjengea hiyo nyumba?"

"Hamjengei."

"Basi ile ni mjumbe. Tena mjumbe anayeijua nyumba moja tu. Ikiwa imebomoka, atarudi kukuambia hajaiona. Kujenga hajui."

Mlinzi alifikiri sana. "Nimekuelewa mama, iko poa kabisa. Lakini tone moja si halipungui kitu?" Jioni ile Mama Friji alibadilisha kufuli.

Sasa niseme na upande mwingine, maana nikimwacha hivi ataonekana mtu aliyenyooka, na hakuwa hivyo. Mwanamke huyu asiyesikia harufu alijipaka marashi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alipima kwa macho, kwa jinsi mafuta yanavyoshuka kwenye chupa, na macho yake yalikuwa karimu. Tulijua amefika kabla geti halijafunguliwa. Mlangoni mwa maabara kulikuwa na tangazo kwamba hairuhusiwi kuingia na manukato, kwa sababu watu waliojitolea walikuja kupimwa pua kwa vichupa vya harufu mbalimbali, na tangazo hilo alilipigilia misumari yeye mwenyewe. Watu hao wakinusishwa ndimu wakasema waridi. Wakinusishwa kahawa wakasema waridi. Daktari, badala ya kumwambia mtu mzima jambo la aibu, alihamishia upimaji kwenye stoo ya nyuma, kati ya maboksi na ngazi ya mbao, na huko ulibaki miaka yote niliyokuwepo. Katika ripoti tuliandika "chumba maalumu."

Na ile saumu. Kila sampuli ya pua ilikatwa vipande vyembamba, kila kipande kikawekwa kwenye slaidi yake ya kioo. Slaidi zote zilipitia njia moja: zilioshwa pamoja, zikapakwa rangi pamoja, zikakauka pamoja. Ila moja haikupewa kingamwili ya kwanza. Wenzake wakidondoshewa, yeye anapewa maji ya chumvi tu. Vitabuni slaidi hiyo ina jina refu. Mama Friji aliiita slaidi ya saumu, na maabara nzima, pamoja na Daktari, tulifuata. Mwisho wa kazi, ikiwa ya saumu imebaki nyeupe, basi ile kahawia ya wenzake imeletwa na kingamwili kweli. Ikiwa na yeye ana kahawia, Mama Friji aliishika juu kwenye mwanga na kumuuliza kwa uchungu wa kweli, "Umekula wapi?" Halafu alizitupa zote.

Hakusoma matokeo ya mtu yeyote kabla ya kuuliza, "Aliyefunga yuko wapi?" Siku moja Daktari alipata wageni kutoka Dar, akaja na slaidi nzuri sana ya kuwaonyesha, kahawia yake imetulia kama imechorwa. Mama Friji akauliza swali lake. Daktari akasema muda ulikuwa mfupi. "Basi hakuna cha kuonyesha, Daktari," akasema, na kuzima taa ya hadubini. Wageni walipewa chai na kuonyeshwa friza kwa nje. Mmoja wao aliipiga picha.

Mwezi wa Ramadhani alikuwa mkali maradufu juu ya slaidi. Yeye mwenyewe hakuwa anafunga, kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na mchana alikwenda kula mkate wake stooni, kati ya maboksi na ngazi, akiwa ameugeuzia mlango mgongo. Niliwahi kumkuta humo. Alimeza kwanza, akajifuta, akasema, "Mimi nina ruhusa. Slaidi haina vidonda vya tumbo."

Nilimpenda mama yule, na nilimwogopa, na sikuwahi kujua siku hiyo ni zamu ya lipi. Mama yangu alifariki nikiwa chuoni. Mama Friji alipojua hakunipa pole. Aliniuliza nakula nini jioni, na kuanzia hapo kila Jumatatu alikuja na bakuli lililofungwa kwenye kitambaa, akaliweka mezani kwangu bila neno, na Ijumaa akalidai bakuli lake kana kwamba nimemuibia. Chakula chake siku nyingine kilikuwa na chumvi, siku nyingine hakina, na niliosha bakuli kila mara bila kuacha punje.

Miezi michache kabla ya kustaafu alimwomba Daktari naye atolewe sampuli. Daktari alisitasita, akasema mfanyakazi kuwa mchunguzwaji kuna utaratibu wake. Mama Friji alifuata utaratibu wote, akasaini karatasi zote, akakaa kwenye kiti, na Daktari akamnyofoa kipande kidogo kutoka juu kabisa ndani ya pua. Sampuli zetu zilikwenda kwa namba ili tusijue ni ya nani. Hii ilikuwa namba tisa. Kwa kuwa Mama Friji alikaa siku mbili na pamba puani akitutuma kazi kwa sauti ya bata, sote tulijua namba tisa ni nani.

Kazi ya kuipaka rangi ilinifikia mimi. Nilikata vipande vya slaidi nne, nyama iliyobaki ikakaa ndani ya nta ilimogandishwa. Nne maana yake tatu zilishwe, moja ifunge. Nilidondoshea ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele ya ile ya nne nilisimama na pipeti ya kudondoshea mkononi. Kipande kilikuwa kidogo, cheupe, kama ganda la kitunguu. Nikafikiri: labda vipokezi vyake vilivyobaki viko kwenye hiki tu. Labda hiki ndicho chenye jibu lake, na mimi nakinyima. Sikuweza. Nilizilisha zote nne.

Siku ya pili niliziweka chini ya hadubini. Katika pua iliyo salama, kingamwili yetu huonyesha nukta za kahawia chache zilizotawanyika, kama waumini wa swala ya alfajiri, kila mmoja na nguzo yake. Kwenye namba tisa kulijaa kama Idd. Kahawia ilikuwa juu, chini, pembeni, hata mahali ambapo hakuna kipokezi kilichowahi kuishi. Mtu aliyefundishwa na Mama Friji kwa miaka sita alipaswa kusimama hapo. Mimi nilipiga kelele.

"Mama! Vipo! Vipokezi vyako vipo, mama!"

Alikuja bila haraka, akavua miwani, akainama kwenye hadubini. Alitazama ya kwanza. Alitazama zote nne. Nilikuwa namngojea aulize swali lake. Aliinua kichwa, akavaa miwani, akasema, "Alhamdulillahi," akatoka nje. Nikamsikia getini akicheka na mlinzi. Jioni ile aliondoka bila kufunga friza. Nilifunga mimi, na nilifurahi kwamba hakuuliza, na niliona aibu kwamba nimefurahi.

Alipoagwa alisimama mbele yetu na kutuambia kwamba pua yake haijafa, imelala tu, na itaamka kwa uwezo wa Mungu. Daktari alimkabidhi vichupa vinne, ndimu, karafuu, mkaratusi na waridi, avinuse asubuhi na jioni, maana kuna wengine pua zao zimerudi kwa mazoezi ya namna hiyo. Tulipiga makofi. Mlinzi alilia. Akarudi kwao Kisarawe.

Mwaka haukuisha. Daktari alikuwa anapanga slaidi za ripoti, boksi moja moja, na alipofika kwenye namba tisa akaita jina langu.

"Ya saumu iko wapi?"

Nilimwambia ukweli wote, hata ule wa kumwonea huruma Mama Friji. Hakugomba. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kata zilizobaki," alisema.

Zilitoka nne za mwisho, nta ikaisha. Mbili za mwanzo, moja nililisha, moja ikafunga. Zote mbili zikawa kahawia. Basi rangi ile haikuwa ya kingamwili. Nyama ya pua ina damu, na damu hugeuka kahawia yenyewe usipoituliza kwanza kwa peroksaidi, na chupa yetu ya peroksaidi ilikuwa imefunguliwa siku nyingi, imeisha nguvu, maji matupu. Nilifungua chupa mpya. Mbili za mwisho, moja nikalisha, moja ikafunga. Zote zikawa nyeupe. Nilitazama kila kona ya ile iliyokula, mpaka macho yakanitoka machozi, na sikuona hata nukta moja.

Daktari alisema ripoti inahitaji namba, haihitaji jina, na nikitaka, yeye mwenyewe atampigia Mama Friji simu. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Halafu sikwenda. Kwanza nikaugua, halafu zikaja mvua, halafu kukawa na ukaguzi, halafu nikaona si vizuri kumwendea mtu karibu na Ramadhani na habari mbaya, na baada ya Ramadhani nikaona si vizuri kumharibia Idd. Visingizio vyangu vyote vilikuwa vizuri. Kila asubuhi nilijua kwamba huko Kisarawe kuna mtu ananusa vichupa kwa sababu yangu.

Nilikwenda Jumamosi moja. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, muhogo juu, mananasi chini. Nilimkuta uani amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, jiko la mkaa kando yake na sufuria ya mihogo inachemka. Marashi yake niliyasikia kuanzia kwenye mwembe wa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Umepungua. Zegereni hawali siku hizi?" Alinitazama miguu, akanitazama uso. "Umekuja kwa heri lakini?"

"Kwa heri, mama. Nimekuja na jambo."

"La friza?"

"La namba tisa."

Mkono wake ulisimama kwenye kifuu. Dirishani nyuma yake niliviona vile vichupa vinne vimepangwa, na ukutani karatasi imebandikwa yenye vijimstari vya kalamu vya kuhesabia siku, vitano vitano, safu nyingi. Ilikuwa imefika chini.

"Sema," alisema.

Nilisema. Nilianzia kwenye slaidi ya nne na pipeti, sikuruka kitu, na sauti yangu ilikuwa inaniaibisha. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza maabara, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza, hakuuliza kuhusu mimi.

"Kichupa cha kingamwili namba ngapi?"

"Sita, mama."

"Kimetoka kwenye baridi mara ngapi?"

"Mara moja. Ile ya kwanza."

"Peroksaidi?"

"Chupa mpya. Niliifungua siku hiyohiyo."

"Pua nzima uliweka pembeni? Ya mtu anayesikia?"

"Niliweka. Ilishika vizuri, nukta nukta."

"Hata na hizo za mwisho?"

"Hata na hizo."

Kuku alipita kati yetu.

"Basi kingamwili imefanya kazi yake," alisema.

"Imefanya, mama."

"Basi ni mimi."

Nilianza kusema kwamba kipande kilikuwa kidogo, kwamba Daktari anasema pengine mahali pengine ndani ya pua, kwamba slaidi mbili si pua yote. Aliinua mkono wenye nazi kunizuia. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika.

"Nilijua siku ileile," alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Uliniwekea nne. Nikazitazama zote nne, zote zimeshiba. Mimi? Nisijue?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikasema, leo nisiulize. Nimewauliza watu maisha yangu yote. Nimemuuliza mpaka Daktari mbele ya wageni. Hii moja, nikasema, niachiwe. Nilitaka kufurahi, binti. Nikafurahi. Ilikuwa furaha nzuri, sikudanganyi."

Nililia hapo. Sikulia kwa adabu. Alinitupia ncha ya kanga yake nijifute, akaendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi, akakitupa kwa kuku. Akakamua tui, akalimimina kwenye mihogo, akapunguza mkaa kwa koleo. Akanawa mikono.

"Kuna wengine mliowaambia hivyo? Bila ya saumu?"

"Hapana, mama. Wewe peke yako."

"Vizuri." Alisimama akishika kiuno. "Nakwenda kuswali. Sufuria hiyo huwa naipikia saa, na mara nyingi saa inanidanganya, nakula mihogo iliyoungua sijui. Leo upo. Sogea hapo kwenye jiko. Ukisikia inataka kushika chini, niite."

Nilisogea. Nilikaa kwenye kibao chake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya pua nilitumia pua yangu kwa nguvu zote. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa mfuniko. Kitambo kirefu hapakuwa na kitu kibaya, halafu, kwa mbali sana, chini ya mengine yote, pakawa na kitu kikali kidogo.

"Mama! Inaanza!"

Alitoka na ushungi wake wa swala bado kichwani, akaipua sufuria, akafunua. Mvuke ukampanda usoni, akaufumbia macho na kuuvuta ndani kwa muda mrefu, kama mtu yeyote. Nilingoja. Alifumbua macho akatikisa kichwa, akaketi mkekani mbele yangu, akaiweka sufuria kati yetu.

"Haya," alisema. "Niambie."

"Nikuambie nini, mama?"

"Inavyonukia. Yote. Usiruke hata moja."

Nilijifuta pua kwa ile kanga, nikainama juu ya sufuria. Nikaanza na nazi.